Kodi ya Kuzoea

Mfanyabiashara aliyekaa kwenye fremu moja ya Kariakoo kwa miaka kumi anajua jambo ambalo mpangaji mpya bado hajaambiwa na mtu: kodi haipandi kwa sababu ukuta umepakwa rangi wala kwa sababu bati limebadilishwa, inapanda kwa sababu wateja wamekwisha kuzoea kumkuta pale. Mwenye jengo anapokuja na kiwango kipya hahesabu matofali yake. Anahesabu wanunuzi wa jumla wanaoshuka basi kutoka Tunduma na Tandahimba wakaja moja kwa moja mlangoni bila kuuliza njia, kisha anakadiria mpangaji wake atapoteza kiasi gani akihama, na kodi mpya huwekwa chini kidogo tu ya hapo. Biashara ya programu za kompyuta imekuwa ikiendeshwa kwa hesabu hiyo hiyo kwa zaidi ya muongo mmoja sasa, na ndiyo maana anayeumia zaidi bei inapobadilika si mgeni aliyefika jana, ni mwenyeji.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Adobe. Tarehe 6 Mei 2013, katika mkutano wake uliofanyika Los Angeles, kampuni hiyo ilitangaza kwamba haitatengeneza tena toleo jipya la Creative Suite, furushi la Photoshop, Illustrator, InDesign na nyinginezo ambalo wapiga chapa, wapiga picha na wahariri wa video walikuwa wamelizoea kwa miaka. Toleo la sita, lililotoka mwaka 2012, ndilo lingekuwa la mwisho kuuzwa kwa leseni ya kudumu. Kuanzia hapo programu zingelipiwa kwa mwezi, dola 49.99 kwa furushi zima au dola 19.99 kwa programu moja, kwa mtu aliyekubali kujifunga mwaka mzima. Kabla ya hapo Photoshop CS6 iliuzwa dola 699, na furushi kubwa kabisa dola 2,599.

Kwa mgeni, hiyo ilikuwa habari njema, na ni haki kulisema hilo kabla ya kulalamika. Mwanafunzi asiye na dola 699 sasa aliweza kuingia kazini kwa dola 20. Lakini chukua fundi aliyekuwa na Photoshop tangu matoleo ya nyuma: yeye alikuwa analipa dola 199 kupandisha toleo, na matoleo yalikuwa yakipishana kwa mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili. Kwa utaratibu mpya, miezi 24 ya programu ile ile moja ni dola 479.76. Adobe iliwapa wateja wake wa zamani punguzo la mwaka wa kwanza, na baadaye mwaka huo huo ikawalegezea wapiga picha kwa kuwapa Photoshop na Lightroom kwa dola 9.99, ila punguzo la mwaka mmoja ni chai ya kukaribishia, na chai huisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wamegeuza methali, mgeni anaandaliwa pilau kila siku na jembe anakabidhiwa mwenye nyumba.

Hata hivyo, anayeishia kwenye bei hajafika kwenye kiini cha jambo. Katika utaratibu wa zamani mtumiaji alikuwa na uwezo mmoja ambao hakuna aliyeuandika kwenye mkataba, nao ni uwezo wa kukaa alipo. Toleo jipya likitoka, alilitazama, akajiuliza kama lina kitu anachokihitaji, na asipokiona aliendelea na lile la zamani bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa hiyo kila baada ya miezi 18 kampuni ililazimika kumshawishi upya, na mzigo wa hoja ulikuwa mabegani mwake muuzaji. Adobe yenyewe ilikuwa imekwisha kuona kwamba watu wanaokaa walipo ni tatizo. Mwezi Novemba 2011 ilitangaza kwamba bei nafuu ya kupandisha toleo itatolewa kwa wale tu waliokuwa na toleo lililotangulia, ilhali zamani hata aliyeruka matoleo mawili alihesabiwa kuwa mteja wa nyumbani. Watumiaji walipiga kelele, muda ukasogezwa hadi mwisho wa 2012, na miezi michache baadaye malipo ya mwezi yakaifuta kabisa haki ya kuruka. Leo asiyelipa habaki na programu ya zamani. Habaki na programu yoyote.

Kwa nini kampuni iliyokuwa inapata faida ikubali kuwaudhi watu wake? Jibu liko kwenye vitabu vyake vya hesabu. Mapato ya Adobe yalikuwa dola bilioni 4.4 mwaka wa fedha 2012. Mwaka uliofuata yalishuka hadi takriban bilioni 4.06, na faida ikaporomoka kutoka dola milioni 833 hadi milioni 290. Kwa kawaida mporomoko wa namna hiyo huwafanya wanahisa wakimbie, lakini hawa walikuwa wameandaliwa mapema kutazama kipimo kingine: si umeuza visanduku vingapi vya programu robo hii, ni kiasi gani kitaingia mwakani bila wewe kuuza chochote. Kufikia 2019 mapato yalipita dola bilioni 11, na mwaka 2024 yalifika bilioni 21.5. Mtu anayetazama takwimu hizo akiwa upande wa soko la hisa ataona ustadi mkubwa, na kwa kweli ustadi upo. Ila fedha inayoingia bila kuuza chochote lazima itoke kwa mtu ambaye hakununua chochote kipya, na mtu huyo ni yule yule aliyekwisha kuzoea.

Dada yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, na humo ndimo nilikouona mpango huu kwa karibu, ingawa programu iliyohusika ni ya hesabu na mtengenezaji wake ni mwingine kabisa, ambaye sitamtaja. Aliinunua mara moja, kwa leseni ya kudumu, akaitumia kwa miaka hadi alipoarifiwa kwamba toleo lake halitahudumiwa tena na kwamba njia iliyobaki ni kuhamishia kumbukumbu zote kwenye seva za kampuni na kulipa kila mwezi kwa dola. Akahama. Mwaka jana, mwezi ambao makadirio ya kodi yalipaswa kufika TRA, benki yake ilikuwa imebana malipo ya nje na kadi ikakataa. Asubuhi alipofungua kompyuta alikuta ukurasa mweupe wenye kitufe kimoja cha kulipia. Mauzo ya miaka sita, stoo, orodha ya wadaiwa, vyote vilikuwa nyuma ya kitufe kile. Siku ya pili fundi mmoja aliyekuwa amechukua saruji kwa mali kauli alikuja na fedha mkononi kulipa deni lake, akauliza ni kiasi gani; dada hakuweza kumjibu, ikabidi wategemee kumbukumbu ya fundi mwenyewe. Kadi ilikubali siku ya nne.

Katika siku zile nne hakuna aliyevunja mkataba. Mtoa huduma alikuwa na haki ya kufunga huduma isiyolipiwa, na barua pepe zake zilikuwa za heshima tupu. Lakini kilichofungwa hakikuwa programu peke yake, zilifungwa na kumbukumbu ambazo yeye mtoa huduma hakuziandika hata neno moja. Tofauti ya mashine na kazi iliyotoka kwenye mashine, ambayo kila fundi cherehani anaielewa, imefutwa kimyakimya: cherehani ikichukuliwa na aliyeikodisha, gauni ulilolishona linabaki kuwa lako. Faili iliyoandikwa kwa fomati ambayo ni programu moja tu inayoisoma vizuri ni gauni lililoshonewa kwenye cherehani.

Watumiaji wa FreeHand walilijua hilo mapema. FreeHand ilikuwa programu ya kuchorea iliyoshindana na Illustrator ya Adobe ana kwa ana. Adobe ilipoinunua kampuni ya Aldus mwaka 1994, tume ya shirikisho ya biashara ya Marekani, FTC, iliona kwamba washindani wawili wangekuwa chini ya paa moja, ikaamuru FreeHand irudishwe kwa waliokuwa wameitengeneza na ikaizuia Adobe kuipata tena kwa miaka 10. FreeHand ikaishia mikononi mwa Macromedia. Katazo likaisha mwaka 2004. Mwezi Aprili 2005 Adobe ilitangaza kuinunua Macromedia yote, kwa dola bilioni 3.4, na mwaka 2007 ikasema haitaiendeleza FreeHand na kuwashauri watumiaji wahamie Illustrator. Kundi la watumiaji lilikwenda mahakamani mwaka 2011 kwa madai ya kuua ushindani, kesi ikamalizwa kwa mapatano mwaka uliofuata, na FreeHand haikufufuka. Ninachokiona hapo si uovu wa ajabu. Ni mkakati wa kawaida wa kampuni kununua mpinzani. Lakini mkakati huo unageuza uaminifu wa watu kuwa sehemu ya bei ya ununuzi: Macromedia haikuuza programu tu, iliuza pia mazoea ya watu ambao hawakuwa na pengine pa kwenda.

Mlango wa kutokea nao umewekewa ada. Mpango ambao Adobe huutangaza kwa bei ya mwezi, mara nyingi, ni mkataba wa mwaka unaolipwa kwa awamu. Anayejitoa baada ya siku 14 za kwanza hudaiwa nusu ya kiasi kilichobaki. Kwa furushi la dola 59.99, bei iliyofikiwa Marekani mwaka 2023 baada ya kupandishwa dola chache chache tangu ile 49.99 ya mwanzo, mtu aliyelipa miezi minne akaamua imetosha alikuwa na miezi minane mbele yake yenye thamani ya dola 479.92, na ili aondoke alitakiwa kutoa dola 239.96. Mwezi Juni 2024 wizara ya sheria ya Marekani, kwa ombi la FTC, iliishtaki Adobe kwa madai kwamba ada hiyo ilifichwa kwenye maandishi madogo na kwamba njia ya kujitoa ilifanywa kuwa ndefu makusudi. Kampuni ilikanusha, ikisema masharti yake yako wazi. Mwaka 2025, huko Amerika Kaskazini, furushi hilo likabadilishwa jina, likajazwa huduma za akili mnemba na kupelekwa dola 69.99. Mpiga chapa ambaye hana haja ya kompyuta imchoree kuku angeweza kuomba mpango mdogo zaidi, lakini yeye ndiye aliyetakiwa kuomba. Asiyesema kitu alipandishwa.

Mtu anaweza kusema kwamba soko litawaadhibu wanaozidisha, na wakati mwingine huwaadhibu kweli. Mwezi Septemba 2023 kampuni ya Unity, ambayo injini yake hutumiwa kutengeneza michezo ya kompyuta na simu, ilitangaza kwamba itatoza ada kila mara mchezo unaposakinishwa baada ya kupita viwango fulani, hata michezo iliyokwisha kutengenezwa kwa masharti ya zamani. Watengenezaji walichachamaa, baadhi yao wakahamia Godot, injini ya bure na ya wazi, yaani msimbo wake uko mikononi mwa yeyote anayeutaka, mkurugenzi mkuu akaondoka mwezi uliofuata, na baada ya mwaka mmoja ada yenyewe ikafutwa. Linganisha na Broadcom, iliyokamilisha ununuzi wa VMware, kampuni ambayo programu zake huifanya seva moja ifanye kazi kama seva nyingi, mwezi Novemba 2023 na ambayo, kabla mwaka haujaisha, ilikuwa imekwisha kusitisha uuzaji wa leseni za kudumu. Wateja wake ni mabenki, hospitali na kampuni za simu ambazo seva zao zote zimejengwa juu ya VMware, na hata jitu kama AT&T lilikwenda mahakamani mwaka 2024 kudai huduma lililoamini limekwisha kuilipia. Broadcom haikurudi nyuma kama Unity. Sidhani kwamba tofauti iko kwenye roho za wakurugenzi. Mtengenezaji wa mchezo anaumaliza mchezo wake, na ujao anauanza popote anapotaka. Benki haina siku inayoamka bila seva. Kelele za watumiaji husikilizwa kwa kadiri ya urahisi wao wa kuondoka, na wauzaji wanaujua urahisi huo kuliko watumiaji wenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki hesabu hii ina tarakimu ya ziada. Huduma ya dola 50 kwa mwezi ilikuwa kama shilingi 5,650 za Kenya mwanzoni mwa 2022, dola ilipokuwa shilingi 113. Mwezi Januari 2024, dola ilipofika 160, ilikuwa shilingi 8,000, na muuzaji hakuwa ameongeza hata senti. Aliyenunua kisanduku mwaka 2012 alikutana na dola mara moja, wanayemkodisha anakutana nayo kila mwezi. Kadi za kulipia nje kwa njia ya simu, kama ile ya M-Pesa na Visa iliyoanza Kenya mwaka 2022, zimeondoa usumbufu wa benki kwa wengi, ingawa hazigusi bei ya dola.

Tena tuseme ukweli ambao makala za namna hii huupita pembeni. Wengi wetu tuliojifunza kazi kwenye vibanda vya kuchapa kadi za harusi na mabango ya misiba hatukuwahi kuwa wateja wa mtu. Photoshop ilikuja kwenye diski iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, ikavunjwa kufuli na kijana wa jirani, na kompyuta zenye CS6 ya aina hiyo bado zinafanya kazi hadi leo katika vichochoro ambavyo sina haja ya kuvitaja. Huo nao ulikuwa uaminifu, uaminifu usio na risiti, na kampuni kubwa ziliujua. Bill Gates alisema hadharani mwaka 1998, akizungumzia China, kwamba maadamu watu wataiba programu, afadhali waibe za Microsoft, kwa maana watazizoea kiasi cha kutoweza kuziacha, na njia ya kuwatoza itapatikana baadaye. Sijui kauli iliyoeleza mkakati wa biashara hii kwa uwazi kuliko hiyo. Kijana aliyejifunza kwa diski ya wizi amekuwa mkuu wa idara ya usanifu kwenye wakala wa matangazo wenye leseni 20 halali, na hatafuti programu nyingine kwa sababu vidole vyake vimekwisha kuzijua njia za mkato za hii.

Ushauri unaotolewa kila bei inapopanda ni kuhama. Ni ushauri mzuri kwa anayeanza. Inkscape, Krita, Scribus na Blender ni za bure na za wazi, na hakuna anayeweza kuzinunua akazizima. Lakini kwa muda mrefu walioikimbia Adobe walipendelea Affinity, ya kampuni ya Serif kutoka Nottingham, iliyouzwa kwa malipo ya mara moja na kujinadi kwa sifa hiyo. Mwezi Machi 2024 Serif ilinunuliwa na Canva ya Australia, na mwaka 2025 Affinity ikatolewa bure kwa mwenye akaunti ya Canva, huku huduma za akili mnemba zikibaki kwa wanaolipia. Bure ni bei tamu, sina ugomvi nayo. Ila aliyekuwa mteja kwa risiti yake sasa ni mgeni kwenye nyumba ya mtu, na siku ya tatu bado haijafika.

Mimi naona jambo la kudai si bei ndogo, kwa sababu bei ndogo hupanda. Wala si kurudi kwa visanduku, ambavyo havitarudi. Mwezi Septemba 2015 JetBrains, kampuni ya Prague inayotengeneza zana za waandika programu, ilitangaza nayo kwamba inahamia kwenye malipo ya kila mwezi, watumiaji wakaja juu, na ndani ya wiki chache ikaweka sharti jipya: anayelipa miezi 12 mfululizo anabaki na toleo la mwanzo wa miezi hiyo milele, hata akiacha kulipa. Kampuni haikufilisika. Ilichokifanya ni kurudisha ule uwezo wa kukaa ulipo, na kwa kufanya hivyo ikajirudishia wajibu wa kushawishi. Programu ya hesabu ya duka inaweza kufanya pungufu ya hapo na bado ikawa imetenda haki: imzuie asiyelipa kuingiza mauzo mapya, imwachie kusoma na kuchapa ya zamani. Hilo ni sharti ambalo mamlaka za hapa zinaweza kumwekea yeyote anayeuza huduma kwa wafanyabiashara wanaotakiwa kisheria kutunza kumbukumbu kwa miaka kadhaa, maana haieleweki serikali imdai mtu daftari huku ikiruhusu daftari hilo lifungiwe na mwingine.

Dada yangu bado analipia. Alipiga hesabu ya kuhamishia bidhaa zake na wadaiwa wake kwenye programu nyingine, akakuta itamgharimu wiki tatu za kazi na msaidizi mmoja wa kulipwa, akaona ni afadhali kodi. Ila siku ya mwisho ya kila mwezi, kabla hajafunga duka, anachapa orodha nzima ya wadaiwa, anaitoboa kwa panchi na kuifungia kwenye faili la bluu linalokaa chini ya kaunta, karibu na mashine ya EFD. Mwezi uliopita orodha ilikuwa na kurasa 11. Fundi wa saruji yuko ukurasa wa nne.